Kuuliza Watu Kuhusu Hatari: Mwongozo wa Utafiti wa Mitazamo ya Umma kwa Sayansi

Mtu akisema anaogopa kinu cha nyuklia kuliko gari, usikimbilie kumtajia idadi ya vifo vya barabarani. Huenda anaijua. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wanasaikolojia Paul Slovic, Baruch Fischhoff na Sarah Lichtenstein waliwapa watu wa jimbo la Oregon, Marekani, orodha ya shughuli na teknolojia 30 wazipange kwa hatari. Wanachama wa League of Women Voters, chama cha kiraia cha wanawake wapiga kura, waliiweka nishati ya nyuklia nafasi ya 1, wataalamu wakaiweka ya 20. Eksirei ilikuwa kinyume: wananchi waliipa nafasi ya 22, wataalamu ya 7. Mtu angeweza kuhitimisha pale pale kwamba wananchi hawajui kitu. Lakini watu hao hao walipotakiwa kukadiria vifo vya mwaka wa kawaida, nyuklia waliipa idadi ndogo kuliko vyote vilivyokuwa kwenye orodha. Walichohofia ni ule mwaka usio wa kawaida.

Yeyote anayetaka kupima mitazamo ya umma aanzie hapo. Neno "hatari" kinywani mwa mhojiwa hubeba mengi kuliko uwezekano wa kufa: nani ameamua, nani atafaidika, nani ataumia, na kama wenye dhamana huwa wanasema kweli. Dodoso lisilouliza hayo litakurudishia namba safi zisizo na maana.

Kabla ya dodoso

Andika kwanza, kwa sentensi moja, uamuzi ambao matokeo yako yatausaidia. "Kujua watu wanafikiri nini kuhusu chanjo" bado si swali la utafiti. "Kujua kama wazazi wanaochelewesha chanjo wanahofia madhara yake, wanakosa imani na watoaji, au wanashindwa kufika kituoni" ni swali la utafiti, kwa sababu kila jibu lina hatua yake. Mambo hayo matatu yakichanganywa katika kipengele kimoja kinachoitwa "kusita", hutayatenganisha tena wakati wa uchambuzi, hata ukiwa na takwimu za kisasa kiasi gani.

Kisha fanya mahojiano ya kina na watu 20 hadi 30 kabla ya kutunga swali hata moja la kufunga, yaani lenye majibu ya kuchagua. Anza kwa upana iwezekanavyo: "Niambie chochote kinachokujia kuhusu mionzi." Nyamaza. Akitaja jambo, mrudishie kwa maneno yake mwenyewe: "Umesema inabaki mwilini. Nieleze zaidi." Usilete neno ambalo hajalitaja mpaka amalize ya kwake. Mahojiano ya dakika 45 hadi 60 yanatosha. Tenga saa 4 hadi 6 za kunukuu kila saa moja ya sauti, maana hapo ndipo ratiba nyingi huvunjika. Utajua umefika wakati mahojiano matatu au manne mfululizo hayaleti dhana mpya.

Lengo ni kupata ramani ya jinsi watu wanavyounganisha sababu na matokeo. Iweke kando ya ramani ya wataalamu, halafu angalia pande zote mbili: yapo ambayo wananchi hawayajui, na yapo ambayo wataalamu hawayajui. Hili la pili si adabu tu. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, mvua iliangusha sizi ya mionzi (elementi ya cesium, si masizi ya moshi) kwenye milima ya Cumbria, Uingereza, na wafugaji wa kondoo wakazuiwa kuhamisha na kuuza mifugo. Waliambiwa zuio lingedumu wiki 3. Makadirio hayo yalitegemea tabia ya sizi katika udongo wa mfinyanzi, ilhali udongo wa milima ile ni wa mboji yenye asidi, ambako sizi huendelea kupanda kwenye majani. Mazuio ya mwisho nchini humo yaliondolewa mwaka 2012. Brian Wynne aliyewahoji wafugaji hao alionyesha kwamba kutowaamini wanasayansi kulikuwa na msingi: waliona wataalamu wakitamka kwa uhakika mambo ya malisho na kondoo ambayo hawakuyafahamu. Dodoso la maswali ya "ndiyo" na "hapana" kuhusu fizikia ya mionzi lingewaandika wafugaji hao kuwa wajinga, na utafiti ungeishia hapo.

Majadiliano ya vikundi ni chombo kingine, chenye kazi tofauti. Tumia watu 6 hadi 8 kwa dakika 90 hadi 120, na vikundi visivyopungua viwili kwa kila aina ya watu, la sivyo hutajua kama ulichosikia ni cha aina hiyo ya watu au cha msemaji mmoja mwenye sauti. Vikundi hufaa kuona hoja zinavyojengwa na kupingwa. Havifai kuhesabu. Ukiona ripoti inasema "asilimia 60 ya washiriki wa vikundi walikubali", iweke pembeni.

Maneno yenyewe

Kosa la sampuli lina kanuni za kulikadiria. Kosa la maneno halina, kwa hiyo tumia muda wako mwingi hapa.

Kiswahili kina mtego wake. "Hatari" hubeba kitu chenye kudhuru na pia uwezekano wa kudhurika. Nyoka ndani ya kioo ni hatari kwa maana ya kwanza, si kwa ya pili. Ukiuliza "Je, dawa za kuua wadudu ni hatari?", karibu kila mtu atasema ndiyo, na atakuwa sahihi, lakini hujapima chochote. Tenganisha: "Je, kuna uwezekano gani kwamba dawa hizi zitakudhuru wewe au familia yako katika miaka 10 ijayo?" na swali jingine, "Zikimdhuru mtu, madhara yake huwa makubwa kiasi gani?"

"Wasiwasi" nao una sura mbili, hofu na shaka. "Nina wasiwasi na utafiti huu" inaweza kumaanisha unanitisha, au siuamini. Ukitaka hofu, uliza "inakutia hofu kiasi gani". "Imani" ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa inabeba uzito wa dini. Ukiuliza "Je, una imani na sayansi?", baadhi ya wahojiwa watasikia kwamba unawalinganishia sayansi na Mungu, nao watajibu swali hilo. Salama zaidi ni kutaja nani na kwa lipi: "Unategemea kiasi gani kwamba wanasayansi wa vyuo vikuu watasema ukweli kuhusu usalama wa chakula, hata kama ukweli huo hauwapendezi waliowalipa?" Swali ni refu, lakini mhojiwa anajua anaulizwa nini.

Kama dodoso limetafsiriwa, mtu wa pili ambaye hajaona asili alirudishe kwenye lugha ya kwanza, kisha linganisheni. Hatua hiyo hunasa makosa ya maana, lakini hainasi ugumu wa Kiswahili cha kamusi. Neno linaweza kurudi salama kabisa ilhali hakuna mhojiwa anayelielewa. Kwa hilo hakuna njia ya mkato: keti na watu.

Namna ya kuweka namba pia hubadilisha majibu. Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha mwaka 1981 jaribio la ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Mpango wa uhakika ulipoelezwa kuwa "watu 200 wataokolewa", asilimia 72 waliuchagua badala ya mpango wa kubahatisha. Kundi jingine lilipoelezwa kuwa "watu 400 watakufa", waliochagua mpango huo huo walikuwa asilimia 22. Hesabu haikubadilika hata kidogo. Kwa hiyo ukilazimika kutaja namba ndani ya swali, gawa sampuli nusu kwa nusu bila mpangilio na tumia maelezo yote mawili. Tofauti kati ya nusu hizo itakuonyesha jibu linategemea maneno kiasi gani.

Epuka kutaja ongezeko bila kutaja kiwango lilikoanzia. Mwaka 1995 tahadhari nchini Uingereza ilisema aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Hatari hiyo ilikuwa imetoka takribani mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Sema "2 kati ya 7,000", na usibadilishe kigawanyo katikati ya dodoso: anayelinganisha 1 kati ya 200 na 3 kati ya 1,000 analazimika kufanya hesabu ambayo hukukusudia kuipima. Asilimia nazo hudai kutajiwa ni asilimia ya nini. Gerd Gigerenzer na wenzake waliwauliza watu wa Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York maana ya "asilimia 30 ya uwezekano wa mvua kesho". Wapo walioelewa mvua itanyesha asilimia 30 ya muda, na wengine asilimia 30 ya eneo.

Yapo makosa mengine ambayo hujirudia katika karibu kila rasimu. Swali lenye mambo mawili, "Je, chakula hiki ni salama na chenye faida?", haliwezi kujibiwa na anayekubali moja na kukataa lingine. Orodha ya kauli zote zinazoelekea upande mmoja huvuna "nakubali" kutoka kwa watu wenye heshima kwa mgeni. Nusu ya kauli zielekee upande wa pili, lakini usizigeuze kwa kuchomeka "si", kwa sababu kukataa kauli ya kukanusha huchanganya hata msomi. Na kama utauliza swali la jumla na mahususi, tanguliza la jumla, maana mtu aliyetoka kujibu maswali 12 kuhusu ajali za viwandani hatakupa tena mtazamo wake wa kawaida juu ya teknolojia.

Halafu kuna wasiokuwa na maoni. Mwaka 1980 George Bishop na wenzake waliripoti kwamba, walipowauliza wakazi wa Cincinnati kuhusu sheria ambayo haikuwahi kuwepo, takribani theluthi moja walitoa maoni. Watu hao si waongo, wanajaribu kukusaidia. Wape mlango wa kutokea kwa heshima: "Watu wengi hawajapata nafasi ya kulifikiria jambo hili. Wewe umewahi kulifikiria, au bado?" Anayesema bado asiulizwe zaidi. Teknolojia mpya isipowekewa kichujio hiki, utachapisha asilimia za "umma kuunga mkono" kitu ambacho umma umekisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwako.

Vipimo vya kuweka

Kwa kila hatari unayoichunguza, pima sifa zake kwa skeli ya 1 hadi 7 yenye maneno kwenye ncha zote mbili: je, mtu anajiingiza kwa hiari au analetewa? Ana uwezo wa kuidhibiti? Madhara huonekana mara moja au huchelewa? Wanasayansi wanaielewa? Inaua mmoja mmoja au wengi kwa pamoja? Inawaangukia wanaofaidika au wengine? Inatisha hata kuifikiria? Katika tafiti za Slovic na wenzake, sifa za namna hii hujikusanya katika makundi makubwa mawili, utisho na kutojulikana, na la utisho ndilo linaloenda sambamba zaidi na hatari ambayo watu hudai idhibitiwe. Kuhusu hiari, Chauncey Starr alikuwa ameshakadiria mwaka 1969 kwamba watu hukubali hatari za hiari zilizo kubwa takribani mara 1,000 kuliko za kulazimishwa zenye faida ile ile. Namba yenyewe ilipingwa, wazo lilibaki.

Weka pia faida inayoonekana, kila mara. Katika dunia ya kweli, shughuli zenye hatari kubwa mara nyingi huwa na faida kubwa, ndiyo maana huendelea. Vichwani mwa watu huwa kinyume: anayeona faida kubwa huona hatari ndogo, kwa sababu hisia moja ya kupenda au kuchukia hujibu maswali yote mawili. Usipopima faida, utadhani unapima hatari kumbe unapima mapenzi.

Imani ivunje angalau vipande vitatu: umahiri, ukweli, na kuwajali watu. Mtu anaweza kuona taasisi inajua kazi yake na wakati huo huo akaona haimjali. Hao hawahitaji kampeni ya kuwaelimisha.

Kuhusu uwezekano, kuwa mwangalifu na jibu la asilimia 50. Wengi hulitumia kumaanisha "sijui, lolote laweza kutokea". Fuatisha swali fupi, "Unamaanisha nusu kwa nusu, au huna uhakika?", na urekodi mawili hayo kando.

Maswali ya maarifa, kama vile iwapo antibayotiki huua virusi au iwapo elektroni ni ndogo kuliko atomu, yana nafasi yake, na yametumika tangu miaka ya 1980. Weka machache, mwishoni, na kila mara na "sijui". Yakitangulia, mhojiwa ataona yuko kwenye mtihani, na baada ya hapo atatafuta jibu sahihi badala ya kukupa lake.

Sampuli

Wingi wa watu hauponyi uchaguzi mbaya. Jarida la Literary Digest lilituma kura milioni 10 mwaka 1936, likarejeshewa zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atashinda urais wa Marekani. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Katika masuala ya sayansi, kosa hili huvaa nguo ya "ushirikishwaji". Mjadala wa kitaifa wa Uingereza kuhusu mazao yaliyobadilishwa vinasaba, mwaka 2003, ulikusanya fomu zaidi ya 36,000 kutoka kwa waliojitokeza wenyewe, na upinzani ulikuwa mkubwa mno. Utafiti wa sampuli wakilishi uliofanywa sambamba ulikuta umma wenye mashaka, ndiyo, lakini pia wenye kusitasita zaidi. Waliojitokeza walistahili kusikilizwa. Hawakustahili kuitwa wastani wa nchi.

Kwa sampuli ya bahati nasibu sahili, watu 400 hukupa kosa la juu na chini la asilimia 4.9, watu 1,000 asilimia 3.1, na watu 2,500 asilimia 2. Lakini ukienda mtaa kwa mtaa, majirani hufanana, na sampuli yako husinyaa. Kokotoa hivi: chukua idadi ya watu kwa kila eneo, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwa majirani, jumlisha 1, kisha gawa idadi ya watu wako wote kwa jibu hilo. Kiwango kikiwa 0.05, maeneo 50 yenye watu 20 kila moja hutoa 1 + 19 × 0.05 = 1.95, yaani watu wako 1,000 wana nguvu ya 513. Maeneo 100 yenye watu 10 hutoa 1.45, nguvu ya watu 690. Ukiwa na fedha kidogo, ongeza maeneo, si watu ndani ya eneo. Na ndani ya nyumba usimhoji aliyefungua mlango. Orodhesha watu wazima wote na uchague kwa bahati nasibu, kisha urudi hadi mara 3 kumtafuta aliyechaguliwa. Wanaopatikana nyumbani mchana si mfano wa wasiopatikana.

Jaribio la awali

Fanya mara mbili. Kwanza na watu 8 hadi 15, ukiwaomba wafikiri kwa sauti: "Umesikia nini katika swali hili? Umefikaje kwenye 5?" Utashangaa ni maswali mangapi uliyoyapenda yatakufa hapa. Pili na watu 30 hadi 50 kwa hali halisi ya uwandani, ukipima muda. Dodoso likizidi dakika 25, lipunguze. Baada ya hapo wahojiwa huanza kujibu namba ile ile safu nzima. Swali ambalo asilimia 90 wamelijibu sawasawa halitofautishi watu, na lenye "sijui" nyingi kupita mengine lina tatizo la maneno au limekuja mapema mno. Mafunzo ya wahoji yachukue siku 2 au 3, na sehemu kubwa iwe mazoezi ya kusoma swali kama lilivyoandikwa, bila kulifafanua kwa huruma.

Ridhaa ipatikane kabla ya swali la kwanza, kwa lugha anayoitumia mhojiwa, na kibali cha kamati ya maadili kiwepo kabla ya jaribio la awali, si baada yake. Utafiti wa hatari una jukumu la ziada: dodoso lenyewe linaweza kumpa mtu hofu ambayo hakuwa nayo. Wahoji wawe na karatasi ya taarifa sahihi ya kumwachia, lakini baada ya swali la mwisho tu.

Kuchambua

Usianze na wastani. Tazama mtawanyo wa kila swali, maana wastani wa 4 unaweza kuwa wa watu wote wasio na upande, au wa kambi mbili zinazopingana. James Flynn, Slovic na C. K. Mertz walichapisha mwaka 1994 kwamba wanaume weupe wa Marekani walionekana kuona hatari ndogo kuliko wengine wote. Walipochimba, waliona tofauti ilitokana zaidi na takribani asilimia 30 ya wanaume hao, waliokuwa na makadirio ya chini mno, huku waliobaki wakifanana na watu wengine.

Mtego wa pili uko kwenye uhusiano wa takwimu. Ukichukua wastani wa kila hatari kisha ukalinganisha wastani hizo, utapata uhusiano wenye nguvu mno, kwa sababu tofauti za watu zimeshafutwa. Namba hiyo inaeleza kwa nini hatari moja huogopwa kuliko nyingine. Haielezi kwa nini mtu huyu anaogopa na jirani yake haogopi. Kwa swali la pili, chambua mtu mmoja mmoja, na uandike wazi umefanya ipi.

Majibu ya wazi yasomwe na watu wawili wanaoweka misimbo (alama za kupanga majibu kwa maana) bila kuonana, angalau kwa asilimia 20 ya majibu, na kipimo cha makubaliano kama kapa ya Cohen kitolewe. Kikiwa chini ya 0.7, ongeeni mpate maana moja ya misimbo, kisha murudie. Msichague ya mkubwa wenu.

Unapochapisha, weka maneno kamili ya kila swali, mpangilio wake, tarehe za uwandani, kiwango cha waliokubali kuhojiwa, na asilimia ya "sijui" na "bado sijafikiria" pamoja na majibu mengine, bila kuzificha kwa kukokotoa upya. Msomaji akikuta asilimia 58 wanaunga mkono teknolojia fulani, aone kwenye mstari huo huo ni wangapi hawakuwa na la kusema.